Hidden Figures: cheo cha Dorothy Vaughan kilikuja lini?

Kama umeangalia Hidden Figures, ile filamu ya 2016 kuhusu wanawake weusi waliopiga mahesabu ya safari za anga NASA, bila shaka unakumbuka Dorothy Vaughan anavyopewa usimamizi alionyimwa muda mrefu. Filamu inakaribia kuisha, ni kama 1962, na wewe unatoka ukiamini kwamba mwanamke akiijua kazi, uongozi utakuja tu.

Sasa hebu linganisha na historia. Vaughan alianza kuongoza kitengo cha wapiga mahesabu weusi pale Langley, Virginia, mwaka 1949. NASA ilipoanzishwa 1958, vitengo vilivyotenga watu kwa rangi vilifutwa, na cheo chake kikaenda navyo. Akajifunza FORTRAN, akabobea kwenye kompyuta. Akatafuta tena nafasi ya uongozi, lakini mpaka anastaafu 1971 hakuipata.

Kumbe filamu imechukua cheo cha mwanzo ikakibandika mwishoni! Utasema filamu ina ruhusa ya kubana miaka. Sawa. Ila hapa mpangilio umegeuza maana: mtu aliyepoteza uongozi tunamwona akipanda. Na kikwazo kinaonekana ni bosi mmoja mgumu, akilegea basi yameisha. Kwa Vaughan, sheria za ubaguzi ziliondoka na mlango ukabaki umefungwa.

Kwa Mary Jackson filamu inasimama mapema mno. Tunamwona akipigania kusoma ili awe mhandisi, jambo ambalo kiuhalisia alishalifikia 1958. Shida yake kubwa ilikuja baadaye, alipoona wanawake wataalamu wanafika mahali hawapandi tena. Mwaka 1979 aliacha uhandisi, akakubali kushushwa cheo ili asimamie programu ya wanawake pale Langley, apiganie wenzake waajiriwe na wapandishwe. Fikiria hilo: ameshuka ili wengine wapande. Mimi ningelipa kiingilio kuliona likiigizwa.

Iangalie tu, Octavia Spencer na Janelle Monáe wameigiza vizuri sana. Lakini wewe unayesomea uhandisi, ukifika kazini usiishie kuhesabu wanawake walioajiriwa. Uliza pia nani amepandishwa cheo, na nani anakaa kwenye kikao kinachoamua.