Tunapanga magari ao tunapanga umri wetu?

Kila mwaka Safari Rally ya Kenya ikikaribia, kwetu nyumbani ugomvi unarudia. Swali ni moja tu: kati ya magari yote ya zamani yaliyoshinda kule, gani njo ya kwanza?

Baba mkubwa anasema Peugeot 404, na hataki kusikia ingine. Mjomba anasema Toyota Celica Turbo. Kaka yangu anasema Subaru Impreza, na anacheka wote wawili: "Ile 404 yenu ni ya kubeba makala!" Sisi wadogo tunafuata kaka, juu njo gari tuliyoendesha mu michezo ya video.

Siku moja nilichukua karatasi nikafanya hesabu. 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1968 baba mkubwa alikuwa na miaka 15. Celica Turbo ilishinda 1984, 1985 na 1986. Ile ya kwanza ilikuta mjomba na miaka 14. Colin McRae alishinda na Impreza 1997, kaka akiwa na miaka 12. Kwa hiyo kila mutu anaweka juu gari iliyoshinda wakati ndevu zake zilikuwa hazijatoka. Hiyo haiko hukumu juu ya gari. Ni kumbukumbu ya ujana.

Lakini tusiwazarau haraka, juu kila mmoja iko na hoja yake.

Hoja ya baba mkubwa ni kufika. Mwaka 1963 magari 84 yalianza, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza tena 7. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki, ndani ya 404. Gari ile ilikuwa na nguvu chini ya farasi 100, na ilikuwa karibu sana na ile mtu alinunua dukani. Hoja ya mjomba ni nguvu: Celica ilipita farasi 300, na wakati wa Group B hakuna Toyota ingine iliyotisha vile. Hoja ya kaka ni ufundi: Impreza inavuta na magurudumu yote mane, inashika matope pale ingine inateleza.

Sasa shida iko wapi? Mimi nilisoma kilimo. Ukitaka kulinganisha mbegu mbili za maharagi, unazipanda musimu mumoja, mu udongo wa namna moja, na pembeni unaacha kipande cha mbegu ya zamani ya kulinganishia. Ukipanda moja 1968 kwenye mulima bila mboleo, ingine 1984 kwenye bonde na mboleo mingi, kisha useme "hii njo bora", mwalimu atakurudishia karatasi yako.

Njo vile tunafanya na magari. Tangu 1953 mpaka 1971 hakuna dereva kutoka ng'ambo aliyeshinda Safari. Wa kwanza alikuwa Hannu Mikkola mwaka 1972, na Ford Escort. Mbele yake walishinda watu wa hapa, wenye kujua kila mto na kila kona. Basi baba mkubwa anasifu 404, ao anasifu mutu aliyejua njia? Miaka ya mjomba, timu kubwa zilikuwa na helikopta ya kuangalia njia mbele ya gari. Mjomba anasifu Celica, ao anasifu helikopta na feza ya timu?

Mfano unaonimaliza kabisa ni Porsche 911. Kwenye Safari ya kweli ilifika ya pili 1974, ikafika tena ya pili 1978, kushinda, hapana. Ile 1974 iliendeshwa na Björn Waldegård, na Joginder Singh akamupita na Mitsubishi Lancer. Leo kuko mashindano ya magari ya zamani kwenye barabara zilezile, na mwaka 2011 Waldegård huyuhuyu akashinda na 911. Mwaka 2015 Stig Blomqvist naye akashinda na 911. Wapenzi wengi leo wanaweka 911 juu ya orodha ya "magari ya Safari". Lakini ile inayoshinda leo imejengwa upya na mafundi wa leo. Wenye feza wanarudi kusahihisha historia, na sisi tunapiga makofi.

Mukiniuliza mimi, naweka 404 ya kwanza, Celica ya pili, Impreza ya tatu. Sababu yangu: ukitoa feza ya timu na helikopta, gari yenye kubakia na kitu chake yenyewe ni 404. Na ile iliyoshinda ilikuwa ndugu ya ile mwalimu ao muuguzi aliweza kununua. Impreza ya McRae na ile ya mu parking ya jirani, ni jina tu zinafanana.

Kaka aliposikia hivyo akanijibu: "Na wewe unapanga na barabara zako." Alisema kweli. Nimelala mara mbili njiani na magunia ya mbegu, juu gari ilikataa kupanda. Mutu wa namna hiyo atapenda gari yenye kufika. Lakini angalau nimesema mezani kipimo changu ni nini. Baba mkubwa, mjomba na kaka, miaka yote hii, hakuna aliyewahi kusema chake. Walitaja tu majina ya magari na kupandisha sauti.

Na ninyi? Mbele ya kutuambia gari yenu, mutuambie kwanza munapima nini, na mulikuwa na miaka ngapi wakati iliposhinda.