Lenzi ya Mbuzi Juu ya Karatasi ya Miraba

Kuanzia kijiji cha Arash hadi kwa Wasonjo wa Samunge, kaskazini mwa Tanzania, gamba au mzizi wa mti huingia kwenye supu ya nyama: olkiloriti, olamuriaki na mingine. Mwaka 1999 Timothy Johns wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, na wenzake walichapisha vipimo vya saponini na fenoli katika mimea ambayo Wasonjo huongeza kwenye chakula. Fenoli nyingi huzuia uharibifu wa oksijeni ndani ya seli, na uharibifu huo ni mmoja wa wazazi wa mtoto wa jicho, yaani ukungu wa lenzi. Basi mtu akiuliza kama maji ya gamba la olkiloriti yanaweza kuikinga lenzi isiingie ukungu, swali lake si la kuchekwa. Kulijibu ndiko kunakotaka fundi.

Kazi huanzia machinjioni. Jicho la mbuzi hufikishwa maabara kwenye barafu, saa chache baada ya kisu. Fundi hulifungua kwa nyuma, akikata taratibu nyuzi zinazoishikilia lenzi. Utando wake ni mwembamba mno. Ncha ya kibano ikiuchuna, weupe hutokea bila ugonjwa wala ile sukari itakayotumika baadaye kuleta ukungu. Ndiyo maana lenzi hulazwa kwanza kwenye maji yaliyotengenezwa kufanana na ya jichoni, zikitazamwa. Inayoanza kufifia hutupwa. Naipenda hatua hii ya kutupa: mwenye haraka angeibakiza, kisha angeilaumu sukari.

Lenzi zilizosalia hugawanywa kwenye sahani. Sahani moja huwekwa glukosi milimoli 5.5 kwa lita, kiasi cha damu ya mtu mwenye afya. Nyingine huwekwa 55. Sukari ikizidi, kimeng'enya cha lenzi huigeuza kuwa sorbitoli, nayo haitoki kirahisi; huvuta maji, nyuzi zikavimba, protini zikashikamana. Kwa joto la nyuzi 37, saa 72 zinatosha kuipofusha lenzi. Sahani ya tatu na kuendelea hupata sukari ile ile pamoja na dawa, yaani maji ya gamba, kwa vipimo tofauti. Kisha kila lenzi huwekwa juu ya karatasi ya miraba: mistari inasomeka, imefifia, au imepotea? Msomaji mzuri hajui sahani ipi ni ipi. Mwenzake amezipa namba.

Lakini gamba la olkiloriti lina tanini nyingi, na maji yake ni ya kahawia iliyokolea. Lenzi hushika rangi kama ngozi mbichi kwenye pipa la mtengeneza ngozi, na msomaji anaweza kuihesabu rangi kuwa ugonjwa. Zaidi ya hapo, tanini hushikana na protini, kwa hiyo dawa yenyewe inaweza kuleta ukungu. Fundi makini huweka sahani moja zaidi: dawa bila sukari ya ziada. Sahani hiyo haiingii kwenye kichwa cha habari, lakini bila hiyo zote nyingine ni porojo. Mwishowe lenzi husagwa, glutathioni, kinga ya lenzi dhidi ya uharibifu wa oksijeni, ikapimwa, ili kemia nayo itoe ushahidi wake.

Hata hapo, hakuna anayeruhusiwa kukimbilia kudondoshea mtu jichoni. Yorston na Foster, mwaka 1994, waliona hapa Tanzania kwamba robo ya wagonjwa wa vidonda vya kioo cha jicho waliowachunguza walikuwa wametumia dawa za kienyeji. Na mtoto wa jicho aliyekwisha kukomaa huondolewa kwa upasuaji tu.

Tena lenzi haina mishipa ya damu. Kilichonywewa kwenye supu lazima kivuke kutoka damuni hadi majimaji ya jicho, jambo ambalo sahani haiwezi kulionyesha. Kwa hiyo hufuata vitoto vya panya, vinavyochomwa seleniti, kemikali inayoleta ukungu wa lenzi, chini ya ngozi vikiwa na siku kama 10, macho bado yamefumba; baadhi hupewa na dawa. Siku chache baadaye macho hufunguka yenyewe, na hayaharakishwi. Taa huwashwa, lenzi hupewa alama moja moja, na orodha ya vitoto vilivyopewa dawa hufunguliwa baada ya alama zote kuandikwa.