Kujua pa Kuruka

Kitufe anachokigusa Mwalimu mara nyingi zaidi ni Control, na kazi yake ni moja: kuinyamazisha kompyuta. Inaanza kusema, anaikatiza. Inaanza tena, anairusha aya nzima, inatamka neno moja, anairusha tena. Mgeni akikaa kando yake pale sebuleni Lanet, karibu na mji wa Nakuru, hudhani mashine ina hitilafu, au mwenyewe ana hasira. Hana hasira yoyote. Anasoma gazeti.

Mwalimu haoni tangu utotoni. Anafundisha Historia katika shule ya upili, na simtaji jina kwa sababu amechoshwa na waandishi wanaofika kwake kutafuta habari za mtu aliyefaulu "licha ya". Mimi hiyo "licha ya" hainisaidii. Kinachonivuta ni ufundi wenyewe, ambao nimeutazama kwa muda mrefu na bado sijauchoka.

Tatizo la msingi ni hili. Jicho hupokea ukurasa mzima kwa mkupuo: kichwa kile juu, picha kushoto, matangazo pembeni, na kabla hujajua umeshayapuuza matangazo. Sauti haina pembeni. Huja neno baada ya neno, kwa foleni, na tangazo la mkopo husimama kwenye foleni hiyo sawasawa na habari kuu ya siku. Anayetegemea masikio akiikubali foleni ilivyo, ukurasa mmoja wa gazeti utamla asubuhi nzima. Ndiyo maana sipendi kusema kwamba kisoma skrini, ile programu inayogeuza maandishi kuwa sauti, "humsomea" Mwalimu. Yeye ndiye hukihoji.

Hukihoji kwa herufi moja moja. Anatumia kisoma skrini kiitwacho NVDA, na humo, akiwa kwenye ukurasa wa intaneti, herufi H humpeleka kwenye kichwa kinachofuata. Tarakimu 1 hadi 6 huchagua ngazi ya kichwa. K ni kiungo, T ni jedwali, E ni kisanduku cha kuandikia. Akishikilia Shift pamoja na herufi, anarudi nyuma. Ipo pia N, ambayo naiona ndiyo janja kuliko zote: huruka lundo la viungo na kutua kwenye maandishi ya kwanza yasiyo kiungo, yaani pale ambapo mara nyingi mwandishi ameanza kusema jambo. Mwalimu akifungua gazeti hubonyeza Insert na T ajue yuko ukurasa gani, H mara nne tano apime vichwa, kisha N, kisha mshale wa chini. Sekunde chache tu. Matangazo hayajapata nafasi ya kufungua mdomo.

Herufi hizo mtu huzikariri kwa juma moja. Kinachochukua miaka ni kujua ipi ibonyezwe lini, maana kila tovuti ina tabia zake. Ipo inayoita kila kitu kichwa, hata nambari ya simu. Ipo isiyo na kichwa hata kimoja: aliyeijenga ameyakuza maandishi na kuyakoleza wino ili macho yaone kichwa, lakini mashine hakuiambia chochote. Mwalimu huijua tovuti ya namna hiyo kwa H ya kwanza, kompyuta inapojibu kwamba hakuna kichwa kinachofuata, na papo hapo hubadili njia: hutafuta neno analolitarajia, au hushuka kwa orodha hadi orodha. Zile anazozipitia kila siku ana ramani zake kichwani, kwamba hapa matokeo huanza baada ya jedwali la pili, pale fomu iko chini ya kiungo cha mwisho. Siku mwenye tovuti anapoamua kuipamba upya, ramani hiyo hufutika, na hilo humkera Mwalimu kuliko kupotea kwa stima.

Stima, kusema kweli, hazimsumbui. Skrini yake huwa imezimwa wakati wote, betri inadumu, na zikipotea mtaa mzima usiku bado utasikia vidole vyake vikiendelea gizani kama kwamba hakuna lililotokea.

Sasa sauti yenyewe. Haipendezi. Ni eSpeak, kazi iliyoanzishwa na Mwingereza Jonathan Duddington, toleo lake la awali likiwa la kompyuta za Acorn mwaka 1995. Haikutokana na mtu aliyerekodiwa studioni. Huundwa zaidi kwa hesabu, wimbi kwa wimbi, na ndiyo sababu ina ule mkwaruzo. Siku hizi zipo sauti nyororo zenye pumzi na madaha, na wageni humuuliza kwa nini hazitumii. Jibu lake ni kuiongeza kasi. Ikifika maneno zaidi ya 400 kwa dakika, mbali kabisa na mwendo wa msomaji wa habari redioni, sauti nyororo huanza kumeza konsonanti zake. Ile ya mkwaruzo haimezi kitu. Kila k na kila t hubaki mahali pake. Aliyepanda matatu za mjini Nakuru analielewa jambo hili: makanga akitema Free Area, Pipeline, Lanet na Mbaruk kwa pumzi moja, mgeni husikia kelele, mwenyeji husikia vituo vinne.

Hata hivyo kasi si mashindano. Akifika kwenye jina la mwanafunzi, au nambari ya simu, au tarehe, hupunguza mpaka herufi moja moja, akahakikisha, kisha hupandisha tena. Mkono hubadilisha mwendo kabla akili yangu haijatambua kwamba kulikuwa na nambari.

Kiswahili kwa mashine ya aina hii ni lugha ya huruma. Huandikwa kama kinavyotamkwa, mkazo huanguka karibu kila mara kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kanuni chache zinatosha kuifundisha kompyuta kukisema vizuri. eSpeak hukisema. Shida inatoka kwetu sisi tunaochanganya. Ujumbe wa mwanafunzi huanza kwa Kiswahili, ukaingia Kiingereza, ukamalizikia Sheng, na sauti moja haiwezi kuzitenda haki zote. Mwalimu ameweka mipangilio miwili, mmoja wa kila lugha, na kila mmoja una kitufe chake. Lakini kwa ujumbe mfupi hajisumbui. Huiacha sauti ya Kiingereza isome Kiswahili ipendavyo, "pole" ikawa "pol" na "wake" ikawa "weik", na sikio lake huyanyoosha maneno yakiwa bado njiani. Nimejaribu kufanya hivyo kwa sentensi tatu nikaumwa na kichwa.

Mazoea haya yana historia. Kabla ya NVDA kulikuwa na JAWS, iliyotolewa mwaka 1989 kwa kompyuta za DOS na Mmarekani Ted Henter, aliyekuwa akishindana kwa pikipiki mpaka alipopoteza macho katika ajali ya mwaka 1978. Ni programu nzuri hadi leo. Bei yake, kwa mwenye mshahara wa Kenya, ilikuwa ya kusimuliwa: leseni moja ilikaribia dola 1,000. Asiye na leseni aliruhusiwa dakika 40, kisha ilimbidi aizime kompyuta na kuiwasha upya ndipo apewe 40 nyingine. Mwalimu alisoma chuo kikuu kwa vipande vya dakika 40. Alijifunza kupanga kichwani atakachoandika kabla hajagusa mashine, na kuhifadhi kila aya mara tu anapoimaliza. Leo hana saa inayomkimbiza, lakini Control na S bado hufuata kila nukta anayoiweka. Hata akiandika ujumbe wa salamu.

NVDA ilianza mwaka 2006, pale Michael Curran, kijana wa Australia asiyeona, alipoamua kuandika kisoma skrini chake mwenyewe. Rafiki yake James Teh, naye asiyeona, akaungana naye, na mwaka 2007 wakaanzisha shirika la NV Access. NVDA hutolewa bure na msimbo wake uko wazi. Ubure huo ndio ulioifikisha Lanet, lakini mimi husifu zaidi alama za vidole vya watu waliokuwa wakijitengenezea chombo chao. Mfano mdogo: faili inapopakuliwa, programu haimpigii mtu kelele kwa kumtajia asilimia kumi, ishirini, thelathini. Hutoa mlio mfupi mfupi unaopanda taratibu, wa chini mwanzoni, mwembamba mwishoni. Mwalimu huendelea na barua yake, na kwa kimo cha mlio anajua imebaki kiasi gani. Mtu anayeona asingelifikiria hilo. Angechora tu mstari mwingine.

Siku ya kuingiza alama ndiyo ninayoipenda. Jedwali la mtihani lina safu ya majina na safu za masomo, na Mwalimu huteremka safu moja kwa mshale, kompyuta ikitaja kisanduku na alama: 54, 61, 47, 610. Anasimama. "Hapa hakuna mtoto wa kupata mia sita na kumi," anasema, na kuifuta sifuri. Mwenye macho angeweza kuipita nambari hiyo, kwa kuwa katika jedwali lililojaa tarakimu zote hufanana. Katika sauti, tarakimu ya ziada huvunja mapigo, na anayesikiliza mapigo hujikwaa hapo hapo.

Darasani mambo hubadilika. Pale masikio yana kazi nyingine: nani ananong'ona nyuma, nani amechelewa, swali limetoka dirisha gani. Kwa hiyo darasani husoma kwa vidole. Ana Orbit Reader 20, kifaa cha Breli chenye uzito chini ya nusu kilo na mstari mmoja wa seli 20. Vijiti vidogo hupanda na kushuka, mstari ukisomwa unabadilika kuwa mwingine. Vifaa hivi vimeingia katika shule za Kenya kwa juhudi za mashirika kama Kilimanjaro Blind Trust. Mwalimu alianzia mbali na hapo, katika Shule ya Vipofu ya Thika iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, kwenye mashine ya Perkins yenye vitufe sita vya nukta sita, chuma kitupu, ukichapa wenzako wote wanajua. Ukikosea huko hakuna kufuta: unailaza nukta kwa ukucha na kuomba karatasi isitoboke. Nadhani uangalifu wake wa kuandika ulitoka kwenye ukucha ule.

Akiwa mtu wa historia, hupenda kuwakumbusha wanafunzi kwamba Lanet inajulikana kwa wanaakiolojia kwa sababu ya vyungu. Merrick Posnansky alichimba hapa mwaka 1957, na vigae vya aina hiyo vikaitwa kwa jina la mahali. Mapambo yake yalitiwa kwa kuviringisha kamba iliyosokotwa juu ya udongo mbichi. Ni mapambo yanayosomeka kwa kidole. Somo hilo yeye hulifundisha vizuri kuliko mwalimu yeyote ninayemjua.

Nje ya nyumba, simu ndiyo kompyuta. Kwenye matatu huvaa spika ya sikioni upande mmoja tu, sikio la pili akimwachia makanga na malori ya barabara kuu ya Nairobi. Skrini ni nyeusi, hivyo jirani wa kiti hawezi kuchungulia salio lake la M-Pesa. Kidole hutelezeshwa kulia, kitu kimoja kinatajwa. Kinagongwa mara mbili, kinafunguka. Hapa tena ni ule ule ustadi wa kukatiza na kuruka.

Ila kuna ukuta ambao ustadi wote huo hauupandi. Barua ya chifu yenye muhuri hupigwa picha ikatupwa kwenye kikundi cha WhatsApp. Tangazo la mkutano wa wazazi, vivyo hivyo. Hesabu za chama, vivyo hivyo. Simu inatamka "picha", basi. Zipo programu za kusoma maandishi yaliyomo ndani ya picha: kwenye laptopu NVDA hufanya hivyo kwa Insert na R, na kwenye simu ipo Lookout ya Google. Barua iliyochapwa vizuri na kupigwa picha wima husomeka karibu yote. Lakini karatasi ikiwa imekunjwa, au muhuri umeangukia juu ya tarehe, au mtu ameongeza saa kwa kalamu, kinachopotea ni tarehe na saa. Mwalimu hupiga simu kuuliza. Mtu aliyesoma gazeti zima kabla chai haijapoa anauliza mkutano ni siku gani.

Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mwenye ulemavu haki ya kutumia Breli na njia nyingine zinazomfaa za mawasiliano, na ya kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo. Vifaa Mwalimu anavyo. Ninachowaomba chifu, karani, mhazini na mwalimu mkuu hakihitaji bajeti: ukipiga barua picha, chapa chini yake siku, saa na mahali. Na ukiandika waraka kwa kompyuta, usiyakuze maandishi kwa mkono ili yaonekane kichwa. Chagua mtindo wa kichwa uliomo kwenye menyu, ili anayebonyeza H apate pa kutua.