Sauti ya Umbopa: Mashimo ya Mfalme Sulemani Kitabuni na Katika Sinema

Utangulizi

Ni vitabu vichache vya kigeni vilivyopata makazi katika Kiswahili kama riwaya ya H. Rider Haggard iliyotolewa London mwaka 1885, ambayo Frederick Johnson aliifasiri kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani mwaka 1929. Mhakiki wa fasihi ya Kiafrika ana sababu za kutosha za kukishuku kitabu hiki. Kilitungwa na mtumishi wa zamani wa serikali ya kikoloni huko Afrika Kusini. Kinawaonyesha Waingereza watatu wakidai wametoka nyotani na kuaminiwa. Na utajiri wa Afrika umelala ndani ya jabali ukimsubiri mgeni mwenye ramani. Hata hivyo kitabu kinapendeza, na uhakiki usioweza kueleza kwa nini kinapendeza umetimiza nusu tu ya wajibu wake.

Riwaya hii imepigwa picha za sinema mara kadhaa. Iliyovuma zaidi ni ile ya mwaka 1950, ambayo kwa sehemu kubwa ilichukuliwa katika nchi za Afrika Mashariki na Kati. Kwa desturi, filamu iliyotokana na riwaya hupimwa kwa uaminifu wake: tukio gani limeachwa, mhusika gani ameongezwa. Kipimo hicho kina manufaa, lakini hakitoshi. Makala haya yanafuata jambo jingine, yaani ugawaji wa usemi: nani amepewa nafasi ya kusema, na nani anasikika bila kueleweka. Hoja yenyewe ni kwamba filamu ya 1950 iliipa riwaya ardhi ya Kiafrika ya kweli, lakini ikamnyang'anya Mwafrika usemi aliokuwa nao kitabuni.

Utamu wa kitabu

Haggard aliandika riwaya hii baada ya kubishana na nduguye, aliyeshikilia kwamba hawezi kutunga kitabu kinachofikia hata nusu ya ubora wa Treasure Island cha R. L. Stevenson (kitabu ambacho Johnson alikifasiri pia, kwa jina la Kisiwa chenye Hazina). Dalili za haraka zimo, lakini haraka hiyohiyo ndiyo iliyokipa kitabu mwendo wake.

Chemchemi ya kwanza ya utamu ni msimulizi. Allan Quatermain ni mwindaji wa ndovu wa Durban, mtu wa miaka 55, mdogo wa umbo, anayekiri mapema kwamba mkono wake umezoea bunduki kuliko kalamu, tena kwamba yeye ni mwoga. Kwa kuwa hajisifu, msomaji humwamini hata anapoeleza mambo yasiyoaminika.

Chemchemi ya pili ni kicheko. Nahodha Good anawatokea Wakukuana akiwa amenyoa upande mmoja tu wa uso, miguu mitupu, kioo cha jicho moja usoni, na meno ya bandia yanayotoka na kurudi. Wenyeji wanastaajabu, nao wanamtaka abaki vivyo hivyo. Tangu hapo hana ruhusa ya kuvaa suruali yake. Ni jambo la kuangaliwa kwamba katika kitabu cha enzi ya ubeberu kicheko kikubwa kabisa kinamwangukia Mzungu.

Chemchemi ya tatu ni muundo wenyewe, ambao kwa msomaji wa Kiswahili si mgeni hata kidogo. Mtoto wa mfalme aliyefichwa utotoni anarudi kudai kiti cha baba yake. Bibi kizee asiyejulikana umri analinda siri ya pango. Kuna jangwa, kuna kiu, kuna mlango wa jiwe. Hizi ni nguzo za ngano. Umbopa, ambaye jina lake la kifalme ni Ignosi, anaweza hata kuwekwa karibu na Fumo Liyongo, shujaa mwingine aliyenyimwa utawala na jamaa yake. Lakini tofauti ni kubwa. Liyongo huishi na kufa kwa nguvu na hila za watu wake mwenyewe, ilhali Ignosi anarudishiwa ufalme kwa msaada wa bunduki za wageni, na adui yake Twala anakatwa kichwa na Sir Henry Curtis. Hapo ndipo itikadi ya mtunzi inapojitokeza waziwazi.

Kitabu katika Kiswahili

Tarehe ya tafsiri ina maana yake. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ilianza kazi ile Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, Johnson akiwa katibu wake wa kwanza. Mashimo ya Mfalme Sulemani yalitolewa katikati ya matukio hayo mawili. Kilikuwa kitabu cha kusisimua, na papo hapo kilikuwa chombo cha kueneza usanifishaji.

Jina lenyewe linastahili kutazamwa. Leo mfasiri angeelekea kutumia neno "machimbo" au "migodi", maneno yanayoleta fikira ya kazi na vibarua. "Shimo" linaleta fikira ya giza, kina na hatari. Nalo jina la Sulemani lilikuwa na maskani ya zamani katika masimulizi ya pwani, ambako Nabii Suleimani alijulikana kwa hekima yake na kwa mamlaka aliyokuwa nayo juu ya majini na wanyama kabla Haggard hajazaliwa. Kwa hiyo kitabu kilifika Afrika Mashariki kikiwa kimevaa nguo za nyumbani.

Jambo kubwa zaidi limo katika mazungumzo. Katika asili ya Kiingereza, Umbopa husema Kizulu, na Wakukuana husema lugha inayodhaniwa kuwa Kizulu cha kale. Ili kuonyesha hivyo Haggard anawapa Kiingereza cha kizamani kinachofanana na cha Biblia, hasa kile kiwakilishi cha kale cha nafsi ya pili umoja. Msomaji wa Kiingereza hukumbushwa kwa kila sentensi kwamba wasemaji hawa wako mbali naye. Sasa, Kiswahili hakina kiwakilishi cha aina hiyo: "wewe" ni "wewe", awe mfalme au mpagazi. Alama iliyomtenga Mwafrika inaanguka yenyewe katika kufasiri. Quatermain, Twala, Gagool na Umbopa wote wanakutana katika lugha moja, nayo ni lugha ya msomaji.

Matokeo yake yanaonekana mapema katika hadithi, pale Umbopa anapomwambia Sir Henry kwamba wao wawili ni wanaume sawasawa. Quatermain anachukizwa, anaona mtumishi amepita mpaka. Kwa Kiingereza, msomaji anapokea maneno hayo kutoka kwa mkalimani aliyeudhika. Kwa Kiswahili, Umbopa husema sawa na mkubwa wake, na chuki ya Quatermain inabaki ikionekana ilivyo: hofu ya mtu anayeona daraja zikitikisika.

Kilele cha usemi huo ni hotuba ya kuagana. Ignosi, akiwa sasa mfalme, anawaambia rafiki zake kwamba wao watatu watapokewa daima, lakini hatamruhusu mfanyabiashara yeyote mweupe aingie na bunduki na pombe. Hatataka wahubiri wa kutia watu hofu ya mauti na kuwafungulia njia wanaowafuata. Na wakija kwa jeshi atapigana nao. Hotuba hii ilichapishwa mwaka uleule ambao Mkutano wa Berlin ulimalizika, na Carl Peters akapewa hati ya serikali ya Ujerumani juu ya sehemu za Tanganyika. Pengine Haggard alitaka tu kuhifadhi nchi yake ya kubuni isichafuliwe. Lakini neno hili likisemwa kwa Kiswahili, mbele ya msomaji aliyetawaliwa, si pambo tena. Ni hukumu.

Filamu na ukimya

Filamu ya mwaka 1937, iliyoongozwa na Robert Stevenson huko Uingereza, ilimtanguliza Paul Robeson katika orodha ya waigizaji, akiwa Umbopa. Robeson alikuwa ameanza kujifunza Kiswahili London mwaka 1934, naye aliitazama Afrika kama asili yake. Watengenezaji wa filamu walimpa nyimbo. Sauti yake inajaza sinema, na Umbopa wake ana hadhi. Lakini nyimbo zenyewe ni za studio, na heshima yote imewekwa katika koo la mwimbaji zaidi kuliko katika fikira za mfalme.

Filamu ya 1950, ya kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer, ikiongozwa na Compton Bennett na Andrew Marton, ilichukua njia nyingine. Kamera zilipelekwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo ya Wabelgiji. Safari ikahamishwa kutoka kusini hadi huku. Robert Surtees alipata tuzo ya Oscar kwa upigaji picha, na anaistahili: vumbi la wanyama wanaokimbia, maporomoko ya maji, na ngoma za Watutsi ni vitu visivyosahaulika. Tena filamu haina muziki uliotungwa na bendi ya Hollywood. Kinachosikika ni ngoma na nyimbo za Kiafrika. Ni kinaya kwamba mapango yenyewe, moyo wa hadithi, yalipigwa picha Carlsbad huko New Mexico, Marekani.

Mabadiliko ya wahusika yanaeleweka upesi. Sir Henry amegeuzwa kuwa mume aliyepotea, na anayemtafuta ni mkewe, Elizabeth, aliyeigizwa na Deborah Kerr. Quatermain wa Stewart Granger ni mrefu na mzuri wa sura. Yule mzee mwoga ametoweka, na ucheshi wake pamoja naye. Good amekuwa kaka wa Elizabeth, na suruali yake haina misukosuko. Foulata, msichana Mkukuana aliyempenda Good na ambaye Haggard alimwua ili mapenzi hayo yasifike popote, hayumo kabisa. Gagool, msemaji mkali kuliko wote kitabuni, anayewacheka Wazungu kwa uchu wao wa mawe yang'aayo, amepunguzwa akawa kizuizi cha njiani tu.

Kwa upande mmoja filamu imekishinda kitabu. Pigano la mwisho na Twala halipiganwi na Mwingereza. Umbopa mwenyewe ndiye anayepigana na kushinda. Haki hii ya kujikomboa kwa mkono wako mwenyewe Haggard hakuitoa, na mhakiki mwadilifu hana budi kuitaja.

Lakini gharama yake ni kubwa. Umbopa wa filamu, aliyeigizwa na Siriaque, ni mtu wa umbo la kifalme ambaye kamera haichoki kumtazama, na ambaye karibu hana la kusema ambalo mtazamaji aliyekusudiwa anaweza kulielewa. Anapata ushindi ila hapati hotuba. Hadithi inamalizika kwa pigano na kuondoka kwa wageni. Onyo la Ignosi halimo. Kiswahili nacho kinasikika katika filamu, lakini ni Kiswahili cha safari, cha kuwaita wapagazi na kuwaamuru. Kimewekwa pamoja na ngoma na ndege: sauti ya kuthibitisha kwamba hapa ni Afrika. Lugha iliyobeba riwaya nzima mwaka 1929, kwa fikira zake na mabishano yake, mwaka 1950 imekuwa mandhari.

Hitimisho

Ulinganisho huu hausemi kwamba kitabu ni kizuri na filamu ni mbaya. Kitabu kina ubeberu wake, na tafsiri haikuufuta. Filamu ina uzuri wake, na pigano lake lina haki kuliko la kitabuni. Kinachoonekana ni kwamba kuonyeshwa si sawa na kusikilizwa. Kadiri sura ya Mwafrika ilivyokaribia uhalisi katika picha, ndivyo usemi wake ulivyopungua.

Kwa walimu wa fasihi lipo zoezi lenye faida: wanafunzi wasome hotuba ya Ignosi kwa Kiswahili, kisha watazame dakika za mwisho za filamu ya 1950, na waulizwe mfalme huyo angesema nini pale. Na mtunzi wa Kiswahili atakayetaka kuigeuza riwaya yoyote kuwa filamu ana somo hapa pia. Kabla ya kuchagua mahali pa kupiga picha, na aamue nani atasema, kwa lugha gani, na nani atamwelewa.