Ubahili wa Fundi Funguo

Fundi anayeijua kazi ya funguo kuu haanzi na chuma. Anaanza na maswali, na mengi yake humkera mwenye jengo. Chumba cha mita za umeme kifunguliwe na nani? Mhasibu akisafiri, nani aingie ofisini kwake, au asiingie mtu kabisa? Mfagiaji apite kila mahali, au wanasheria wa ghorofa ya pili wana majalada ambayo hayafai kuachwa peke yake na mtu? Msimamizi akiondoka kwa ugomvi, ataondoka akiwa ameshika funguo zipi? Mwenye jengo alikuja kutafuta vitasa arobaini na ufunguo mmoja wa kuvifungua vyote. Sasa anaulizwa anamwamini nani, kwa kiasi gani, hadi mlango upi, na anatakiwa ajibu kwa majina.

Mchoro unaotokana na majibu hayo hufanana na nasaba. Juu kabisa yupo babu mmoja, ufunguo unaofungua milango yote. Chini yake wapo wazazi, mmoja wa kila ghorofa au kila idara. Chini yao wapo watoto, yaani funguo za wapangaji, na kila mtoto anaujua mlango wake tu. Mafundi wa Marekani huiandika nasaba hiyo kwa herufi na tarakimu: A ni babu, AA na AB ni wazazi, AA1 na AA2 ni watoto wa AA. Ukiiona AB7 kwenye karatasi unajua mara moja ni ya nani na nani mwingine anaweza kuingia humo. Naipenda karatasi hiyo kuliko vitasa vyenyewe. Ni miongoni mwa mahali pachache ambapo mamlaka ya watu ndani ya nyumba yameandikwa bila kuficha, ngazi kwa ngazi, na mtu anaweza kuyasoma na kuyapinga kabla hayajatiwa kwenye shaba.

Kwenye nyumba za vyumba vya kupanga Uswahilini, zile zenye uwanja wa ndani na choo cha pamoja, hesabu hii haijawahi kuhitajika. Mpangaji huja na godoro lake na kufuli lake, na mwenye nyumba hana nakala. Kodi ikichelewa, mwenye nyumba hana pa kupitia, basi hutundika kufuli la pili juu ya la kwanza, na hapo kila mmoja amemfungia mwenzake. Ufunguo mkuu ni zao la jengo ambalo haliwezi kungoja. Bomba likipasuka ghorofa ya nne saa nane usiku, maji hayatamsubiri mpangaji arudi kutoka Morogoro. Yatashuka kwenye duka la vitambaa lililo chini, na asubuhi kutakuwa na kesi.

Kitasa kinachobeba kazi hii kimetokana na Linus Yale Mdogo, Mmarekani aliyekuwa akichora picha za watu kabla ya kuingia kwenye biashara ya vitasa ya baba yake. Hataza zake za 1861 na 1865 zilileta silinda ndogo na ufunguo bapa unaokaa mfukoni. Wazo la pini ni la kale zaidi. Wamisri walikuwa na makomeo ya mbao yenye vigingi vinavyodondoka kwa uzito wake, na ufunguo wa mbao wenye meno ya kuviinua. Ndani ya silinda ya Yale kuna kiini kinachozunguka na ganda lisilosogea. Jozi za pini, ya chini na ya juu, zimesimama zikiukatiza mpaka kati ya kiini na ganda, na springi inazikandamiza. Ufunguo ukiingia, meno yake huinua kila jozi. Pale ambapo pini mbili hukutana pakilingana sawasawa na ule mpaka, katika jozi zote kwa pamoja, kiini kinazunguka. Jozi moja ikizidi au kupungua hata kidogo, mlango haufunguki.

Ili ufunguo mkuu nao uingie, fundi anachomeka kisahani chembamba kati ya pini ya chini na ya juu. Jozi iliyokuwa na sehemu moja ya kukutania sasa ina mbili. Moja ni ya mpangaji na nyingine ya mkuu wake. Ndiyo siri yote. Kisahani hicho ni kidogo kiasi kwamba kikianguka kwenye zulia utakitafuta kwa sumaku bila mafanikio, kwa kuwa ni cha shaba. Fundi hushika visahani hivyo kwa koleo dogo, akiwa na trei ya vijumba vilivyoandikwa namba, na huwa hapendi kuzungumzishwa.

Baada ya hapo inakuja hesabu. Silinda yenye pini sita, kila moja ikiweza kuwa na vina kumi, inaahidi funguo milioni moja tofauti. Ahadi hiyo ni ya karatasi. Kwenye vitasa vya Schlage vya Marekani, kina kimoja hadi kingine ni takriban milimita 0.38. Kisahani cha unene huo kingelala ubavu na kukwamisha silinda, kwa hiyo fundi huruka vina viwili viwili. Kati ya vina kumi vinabaki vitano. Kimoja kati ya hivyo ni cha ufunguo mkuu, na mpangaji hawezi kukitumia. Vinabaki vinne. Vinne katika nafasi sita hutoa funguo 4,096. Na hapo bado hujaondoa zile ambazo jino refu linapakana na bonde refu, mteremko ukawa mkali mno hata ufunguo ukashindwa kupita chini ya pini. Mwenye jengo aliomba kitu kimoja tu, ufunguo wa kumfungulia kila mahali, na kwa ombi hilo karibu milioni nzima imetoweka. Zinazobaki zinatosha jengo la kawaida, lakini inafaa ajue kwamba amelipia.

Tena analipa upande wa pili. Kitasa chenye visahani katika nafasi zote sita kina sehemu mbili za kukutania mara sita, na mbili ikijizidisha mara sita ni 64. Funguo 64 tofauti zinaweza kukifungua. Mbili zilikusudiwa, ya mpangaji na ya mkuu. Nyingine 62 ni vizuka: hakuna aliyezichonga, hakuna aliyeziomba, ila zingekuwepo zingefungua. Hapa ndipo ninapoona ustadi wenyewe. Fundi mzuri havifukuzi vizuka vyote. Baadhi anavipa kazi. Ufunguo wa msimamizi wa ghorofa ya tatu hauchongwi kutoka hewani. Unachukua vina kadhaa vya ufunguo mkuu na vingine ambavyo wapangaji wote wa ghorofa hiyo wanavishiriki, na kwa hiyo ulikuwa umelala tayari ndani ya kila kitasa cha ghorofa ya tatu. Fundi ameupanga mapema na kuuandika jina. Vilivyobaki anahakikisha havifanani na ufunguo wa mtu yeyote aliye hai ndani ya jengo. Fundi mbovu hafanyi hivyo, na siku moja mpangaji wa chumba cha 12 anakosea mlango usiku, ufunguo wake unazunguka kwenye chumba cha 31, na ndani kuna watu wamelala.

Lango kuu lina kisa chake. Kwenye majengo ya makazi, mpangaji hataki kubeba funguo mbili, hivyo hutakiwa kila ufunguo wa nyumba ufungue na lango la chini. Njia inayotumika mara nyingi ni kuacha nafasi za pini tupu kwenye silinda ya lango, zikabaki zile tu ambazo wapangaji wote wana kina kile kile. Wakiwa wengi, huenda zikabaki pini mbili au tatu. Kwa hiyo lile lango zito la chuma, lenye mlinzi na kamera, ndilo mara nyingi hubeba kitasa dhaifu kuliko vyote kwenye jengo. Sijaona mpangaji anayeambiwa hilo wakati wa kusaini mkataba.

Ndiyo maana namsifu fundi funguo kwa ubahili wake. Mteja huja akitaka upana: huyu afungue hapa, na pale pia, na kule kwa dharura. Kila ruhusa ya kuvuka matawi, mathalani katibu wa idara moja kufungua stoo ya idara nyingine, inadai visahani zaidi na inazaa vizuka zaidi. Fundi mwenye adabu ya kazi anakataa nyingi. Anauliza kama haitoshi kumpa katibu ufunguo wa pili wa stoo hiyo. Kisha anafikia milango ambayo hataki kabisa kuiweka kwenye nasaba: stoo ya dawa, chumba cha seva, kabati la fedha, ofisi ya mtu anayetunza siri za watu. Kwenye jedwali la Kimarekani milango hiyo huwekewa herufi NMK, alama kwamba ufunguo mkuu hauifungui. Mwenye jengo huziona herufi hizo kama dharau. Kwangu mimi ndizo zinazoonyesha kama fundi ni fundi.

Mwaka 2003 Matt Blaze, mtafiti wa usalama wa kompyuta aliyekuwa maabara za AT&T, alichapisha maelezo kwamba mtu mwenye ufunguo halali wa mlango mmoja, pamoja na funguo chache zisizochongwa, anaweza kwa kujaribu kidogo kidogo kuupata ufunguo mkuu wa jengo zima. Hakuhitaji kuvunja kitu. Alitumia kitasa kama mashine inayojibu ndiyo au hapana, nafasi moja baada ya nyingine. Mafundi wengi walimkasirikia, na baadhi wakasema hilo walilijua siku zote. Sioni jinsi kauli hiyo inavyowatetea. Kama walijua, wapangaji walipaswa kujua pia. Lakini lipo jibu bora ndani ya fani yenyewe: funguo za umbo lenye haki za kisheria, ambazo fundi wa barabarani hana malighafi yake, na nakala hutolewa kwa saini ya mtu aliyeandikishwa. Ukienda Kariakoo na ufunguo wa kawaida, unachongewa nakala ukiwa umesimama na hakuna anayekuuliza ni wa mlango gani.

Kupotea kwa ufunguo mkuu ndiko mtihani wa mfumo. Ukipotea wa mpangaji, silinda moja inafunguliwa na pini zake zinabadilishwa, jioni kazi imekwisha. Ukipotea wa babu, vitasa vyote vimeguswa. Mmarekani mwingine, Frank E. Best, alilitafutia tatizo hilo dawa katika miaka ya 1920: kiini chenye umbo la tarakimu 8 kinachotolewa chote kwa ufunguo maalumu wa udhibiti na kuwekewa kingine kwa sekunde chache, bila bisibisi. Vyuo vikuu na hospitali za Marekani zimekipenda tangu hapo. Ila sasa upo ufunguo mwingine wa kulindwa kuliko wote, ule wa udhibiti.

Kwa hiyo kazi inarudi kwa watu. Kwenye Kanisa la Kaburi Takatifu, Yerusalemu, familia mbili za Kiislamu zimegawana lango kwa karne nyingi: Joudeh wanautunza ufunguo, Nuseibeh wanafungua mlango. Anayeshika hafungui, anayefungua hashiki. Jengo la kupangisha linaweza kuiga bila fahari yoyote. Ufunguo mkuu ukae kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri ndani ya sefu, daftari liwe kwa mtu mwingine, na kila anayeutoa aandike saa, mlango na sababu. Katiba ya Tanzania ya 1977, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu na ya maskani yake, na mpangaji haachi haki hiyo mlangoni anapolipa kodi. Mwenye nyumba anayepita na ufunguo wake mkuu kukagua usafi wakati watu wako kazini anautumia vibaya, hata kama hajagusa kijiko.

Wapo wanaosema kadi za kielektroniki zimemaliza habari hii. Kweli kadi ikipotea unaifuta kwenye mfumo na pini hazibadilishwi. Lakini Machi 2024 watafiti walitangaza udhaifu katika vitasa vya hoteli vya Saflok, zaidi ya milango milioni tatu katika nchi 131, ambavyo vingeweza kufunguliwa kwa jozi ya kadi za kughushi. Babu amehamia kwenye programu, na urithi wake ni ule ule.

Kuna kitu kimoja ambacho mwenye jengo hulipia kwa shingo upande kuliko vyote, nacho ni nafasi zisizotumika. Fundi mwenye kuona mbali akipewa milango arobaini hapangi arobaini. Anaacha tawi zima wazi kwa ghorofa ambayo haijajengwa, na funguo za akiba katika kila tawi kwa ajili ya chumba kitakachogawanywa kwa plaiwudi ili kuongeza mpangaji, kama vinavyogawanywa vyumba vyetu vingi. Wengi hulikata hilo kwenye bei. Jengo likipanda ghorofa mbili wananunua vitasa vya dukani, na ndani ya miaka michache msimamizi anapita tena na fungu zito la funguo, anajaribu moja, anajaribu nyingine, huku mpangaji mpya amesimama kando na friji kwenye mkokoteni.