Steringi Asiyekufa: Namna ya Kuupima Mwendelezo wa Filamu za Mashujaa wa Milele

Mtazamaji aliyekulia kwenye vibanda vya video anaijua sheria moja kabla picha haijaanza: steringi hafi. Filamu za wapiganaji wasiokufa huichukua sheria hiyo na kuwagawia wote, steringi na adui yake. Hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu. Ikiwa risasi haiui na karne tano hazizeeshi, mtazamaji aogope nini? Filamu ya kwanza huwa na jibu lake. Ya pili ndiyo huonyesha kama waliotengeneza walilielewa jibu hilo.

Tuchukue Highlander ya mwaka 1986, iliyoongozwa na Russell Mulcahy. Connor MacLeod, Mskoti wa karne ya 16, hafi mpaka akatwe kichwa. Basi. Kwa sheria fupi namna hiyo, kila upanga unaopita karibu na shingo unamkaza mtu kwenye kiti. Hata hivyo, kinachoibeba filamu si mapanga. Ni kile kipande kifupi cha milimani, Connor amebaki kijana vilevile huku mkewe Heather akiota mvi, akichoka, na mwisho akifia mikononi mwake, wimbo wa Queen ukipanda taratibu. Kutokufa kuna bei, na anayeilipa ni yule anayebaki.

Kwa hiyo anayetaka kuujua ubora wa mwendelezo aanze na makaburi: je, waliokufa wamebaki wamekufa?

Highlander II ya mwaka 1991 inaanguka hapohapo. Katika filamu ya kwanza Ramírez, mwalimu wa Connor aliyechezwa na Sean Connery, alikatwa kichwa, na kifo chake kiliuma. Katika ya pili Connor anaita jina lake tu, na mzee anaibuka mzima jukwaani huko Uskoti, katikati ya waigizaji wanaocheza Hamlet. Connery anapendeza kumtazama, hilo halina ubishi. Lakini tangu dakika hiyo shingo ya mtu haina thamani tena, na pambano lote linalofuata linapwaya.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Filamu hiyo ilitueleza kwamba wapiganaji hawa ni wageni kutoka sayari iitwayo Zeist. Hakuna aliyekuwa ameuliza. Siri yao ilikuwa sehemu ya huzuni yao: mtu anaamka siku moja baada ya jeraha la kumuua, na hajui kwa nini. Mwaka 1995 lilitoka toleo lililohaririwa upya, sayari hiyo ikafutwa na asili yao ikapelekwa kwenye zama za kale za dunia. Hadithi ikapata nafuu, ila haikupona.

Kwenye mapigano yenyewe, macho yasikimbilie upanga, yashuke miguuni. Kamera ikionyesha mwili mzima na hatua zinazosonga na kurudi, waigizaji wamefanya mazoezi. Ikikata picha kila panga zinapogusana, kuna kinachofichwa. Highlander ya kwanza ilikuwa na Bob Anderson, mwanamichezo wa upanga aliyeiwakilisha Uingereza kwenye Olimpiki ya 1952, na ufundi wake unaonekana.

Kupinda sheria si dhambi, alimradi deni lilipwe. The Old Guard 2, iliyotoka Julai 2025 chini ya mwongozaji Victoria Mahoney, inathibitisha hilo. Andy, yaani Charlize Theron, alikuwa amepoteza hali yake ya kutokufa katika The Old Guard ya kwanza, hapa anarudishiwa. Lakini anayempa ni Booker, rafiki aliyewahi kumsaliti, na kutoa huko kunamgharimu uhai. Hesabu imekaa sawa. Na ugomvi wa Andy na Quynh, mwenzake wa zamani asiyekufa, una mzizi: Quynh alitupwa baharini ndani ya jeneza la chuma, akazama, akafufuka, akazama tena, kwa miaka 500, huku Andy akikata tamaa ya kumtafuta. Wanapokutana na kupigana kwenye uchochoro wa Roma, kila ngumi ina lawama ndani yake. Hilo ndilo pambano la kulinganishia mengine. Udhaifu wa filamu uko mwishoni, maana inakatika njiani ikingoja sehemu ya tatu, na aliyekaa hadi mwisho anaondoka na nusu ya hadithi.

Kwa vipimo hivi, The Old Guard 2 inaiacha Highlander II mbali, na Highlander ya 1986 bado haijapata mwendelezo unaoistahili. Mwenye jioni moja tu aitazame ile ya kwanza, na atakapofika kwenye kifo cha Heather asiisogeze mbele.