Faragha Isiyo na Mwenyeji: Uhakiki wa Lugha ya Nyumba za Anasa za Kando ya Maji

1.0 Utangulizi

Makala hii inahakiki lugha inayotumiwa kuzisifu nyumba za mapumziko za kifahari zilizojengwa kando ya bahari au ziwa, mbali na makazi ya watu. Matangazo ya nyumba hizo yamezoeleka zaidi Zanzibar na Lamu. Hata hivyo, hoja yetu tunaianzia bara, mjini Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mashariki ya mji huu, katika bonde la mto Lualaba, yamo maziwa ya Upemba na Kisale. Huko kuna maji mapana, mafunjo, ndege na ukimya wa alfajiri, yaani kila kitu kinachohitajiwa na tangazo la aina hii. Maziwa hayo bado si soko la vila za anasa, na kwa sababu hiyo ni mahali pazuri pa kuuliza swali letu mapema: pindi mtu atakapokaa kuyaandikia sifa kwa Kiswahili, atatumia maneno gani, na maneno hayo yatamficha nani?

2.0 Faragha, ukiwa na asili

Msamiati wa matangazo haya si mpana. Mahali panasemwa kuwa pa faragha, pa asili, mbali na dunia, hapajaguswa. Tuyachunguze maneno mawili ya mwanzo, kwa kuwa ndiyo yanayobeba mzigo mkubwa.

Neno faragha limetokana na Kiarabu, ambako mzizi wake una maana ya kuwa tupu au kuwa na nafasi. Mtetezi wa matangazo angeweza kushikilia hapo na kusema kwamba utupu ndio maana ya asili. Lakini maana ya neno huamuliwa na matumizi, na katika matumizi ya Kiswahili faragha haihitaji mahali patupu. Watu wawili hujitenga faragha hali wenzao wako barazani. Faragha hutolewa na jirani anayegeuza uso na mgeni anayebisha hodi. Ni heshima ambayo watu hupeana. Mahali ambapo watu wameondoka, au wameondolewa, pana jina lake: ukiwa. Kosa la msingi la lugha tunayoihakiki ni kuuza ukiwa kwa jina la faragha.

Neno asili nalo lina pande mbili. Ni maumbile, lakini pia ni chimbuko la watu. Katika Ziwa Kisale pande hizo mbili hazitengani. Huko Sanga, ufukweni mwa ziwa hilo, wanaakiolojia walichimba mwaka 1957 na 1958 wakafukua makaburi yenye vyungu vilivyofinyangwa kwa ustadi na mapambo ya shaba. Mengi kati ya makaburi hayo yana umri wa karibu miaka elfu moja. Hadi leo wako wavuvi wanaoishi juu ya visiwa vya mafunjo vinavyoelea, na samaki wao waliokaushwa husafirishwa hadi masoko ya miji ya migodi. Mtu akiyaita mandhari hayo kuwa ya asili ilhali anakusudia kwamba hayana watu, amelipinga neno kwa neno lenyewe.

Fikra hiyo haikuanza na biashara ya utalii. Hifadhi ya Taifa ya Upemba ilianzishwa mwaka 1939, chini ya utawala wa Kibelgiji, na sheria ya hifadhi huchora mstari kati ya maumbile na makazi. Mstari huo unaweza kuwa na sababu njema, kama vile kulinda wanyama na chemchemi za mito. Lakini tangazo la anasa huurithi mstari bila kuirithi sababu.

3.0 Nyumba ya anasa katika maandishi ya Kiswahili

Je, maandishi yetu wenyewe yameitazama vipi nyumba ya anasa? Mifano mitatu itatosha.

Mfano wa kwanza ni Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Utenzi huu unayaangalia majumba ya mabwana wa Pate baada ya fahari yao kwisha, popo na wadudu wakiwa ndio wakazi. Kwa kawaida huhakikiwa kama mawaidha juu ya dunia ipitayo, na ni sawa. Lakini msomaji akiyatazama mambo kwa jicho la leo, ataona pia kwamba anasa ya majumba yale ilikuwa na watumishi: watu wa kuwapepea mabwana na kuwakanda hadi wapate usingizi. Mabwana kadhaa wanatajwa kwa majina na kuliliwa. Watumishi wanatajwa kwa kazi zao tu. Kwa hiyo hatuwezi kudai kwamba fasihi yetu haina doa katika jambo hili. Hata hivyo, utenzi umewatia ndani ya nyumba, jambo ambalo tangazo la vila halifanyi.

Mfano wa pili ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 kwa jina la Paradise, na kutafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi mwaka 2022. Nyuma ya duka la tajiri Aziz kuna bustani iliyozungushiwa ukuta, yenye birika na mifereji ya maji. Yusufu, mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, anaihusudu. Lakini mwandishi hatuachi tustarehe bustanini. Anatuonyesha Mzee Hamdani anayeitunza, naye ni mtumwa. Anatuonyesha Khalil, aliyewekwa rehani kabla ya Yusufu. Pepo ile inasimama juu ya migongo ya watu wenye majina, huzuni na fikra zao. Inafaa kukumbuka kwamba Peponi ni jina pia la hoteli mashuhuri ya Shela, Lamu, na kwamba huko Bwejuu, Unguja, kuna hoteli ya vila iitwayo Baraza. Kiswahili kimepewa kazi ya kuipamba milango. Katika neno la pili kinaya ni kikubwa zaidi, kwani baraza ni mahali ambapo mpita njia huketi bila kuulizwa.

Mfano wa tatu unaturudisha Katanga. Mwaka 1965 chama cha watu waliokuwa watumishi wa nyumbani mjini Elisabethville, ambao sasa ni Lubumbashi, kilitoa historia ya mji huo kwa Kiswahili cha Katanga. Mwandishi wake ni André Yav, na Johannes Fabian aliitangaza kwa wasomi mwaka 1990. Hapa mambo yamepinduka. Mtu wa jikoni, aliyelala katika chumba cha nyuma kiitwacho boyeri, ameshika kalamu na kumweleza bwana. Sarufi na tahajia yake haifuati Kiswahili sanifu, na kwa hiyo wengi wetu tumeipita bila kuisoma. Huo ni upungufu wetu, si wake. Kwa maoni yetu, hakuna andiko la Kiswahili linalopaswa kusomwa zaidi na yeyote anayetaka kuielewa nyumba ya anasa.

Tukiipanga mifano hii, tunaona hatua tatu: mtumishi aliyetajwa kwa kazi, mtumishi mwenye jina na nafsi, na mtumishi mwandishi. Tangazo la vila limerudi nyuma ya hatua ya kwanza. Chakula huandaliwa, kitanda hutandikwa, mashua hungoja. Vitenzi viwili vya mwanzo viko katika kauli ya kutendwa, na mtenda haonekani.

4.0 Hitimisho

Hatusemi kwamba kupumzika kando ya maji ni kosa, wala kwamba wavuvi wa Kisale hawahitaji kipato kitokacho kwa wageni. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini methali hiyo ina watu wawili, na neno mgeni halina maana pasipo mwenyeji. Penye ukiwa hakuna mgeni; yupo mteja tu.

Kazi ya mhakiki na ya mfasiri ipo hapo. Tangazo la Kiingereza au Kifaransa linapoletwa mezani ili ligeuzwe kuwa Kiswahili, mfasiri ana haki ya kuuliza: nani anapika, nani anavua, nani alizikwa hapa? Akipata majibu, aandike faragha. Akiambiwa kwamba hakuna mtu, basi neno lililo sahihi ni ukiwa, na aliandike hivyo.